Anza na Mawe, Samaki Baadaye: Kufuga Tilapia na Kulima Mboga kwa Maji Yale Yale, Bara ya Malindi

Siku nilipoteremsha matangi mawili ya plastiki mbele ya nyumba, bibi wa jirani alikuja na mkongojo wake akayazunguka mara mbili. Nilipomweleza kwamba moja litakaa samaki, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mjukuu wangu, maji ya kunywa twayafuata mtoni Sabaki, wewe wataka kuwapa samaki?"

Swali lake lilikuwa la haki. Sisi tunaokaa huku Kakuyuni, Langobaya na vijiji vya barabara ya kwenda geti la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki tunajua maana ya mvua kugoma. Kuanzia vuli ya 2020 misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya maana, kisha mwishoni mwa 2023 ikaja ya mafuriko. Kwa hiyo kabla sijakueleza jinsi ya kukata tangi, nikupe hesabu ya maji niliyompa bibi.

Mfumo mdogo nitakaoueleza hapa unabeba maji yapatayo lita 1,000. Ukishajaa hayamwagwi. Yanatoka kwenye tangi la samaki, yanapanda kwenye vitalu vya kokoto vyenye mboga, yanarudi tangini. Kinachopotea ni kile kinachonyonywa na mboga na kile kinachopaa kwa jua na upepo, yaani kati ya lita 10 na 30 kwa siku. Kwangu ni mtungi mmoja wa lita 20 wakati wa kusi, na mmoja na nusu kaskazi ikivuma kwenye jua la Januari na Februari. Utawasikia watu wakisema njia hii inaokoa asilimia 90 ya maji. Hao wanalinganisha na mashamba makubwa ya kumwagilia, ambako maji mengi yanazama ardhini. Ukilinganisha na kitalu kidogo cha mchicha nyuma ya jiko, tofauti si kubwa hivyo, maana kwenye mchanga wetu kitalu hicho nacho kitakunywa mtungi mzima siku ya jua kali. Faida ni kwamba mtungi ule ule sasa unalisha mboga na samaki pamoja.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi ni hivi. Samaki anakula, anatoa uchafu wenye amonia, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Kwenye kokoto za vitalu wanaishi bakteria wa aina mbili. Wa kwanza wanageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili wanageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia na mboga inaipenda. Mboga ikiila, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Kwa hiyo unafuga viumbe wa namna tatu, na wale wasioonekana kwa macho ndio wa kuangaliwa zaidi. Wengi wanaoshindwa wanaanza kwa kununua samaki. Samaki ni wa mwisho.

Hatua ya kwanza: maji ya kutosha miezi sita

Pima paa la mabati kabla ya kununua chochote. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina paa la mita 48 za mraba, na hata mwaka wa milimita 600 tu, ukitoa moja ya tano inayopotea kwenye mifereji na kurukaruka, unabaki na lita 23,000. Mfumo wetu ukinywa lita 25 kwa siku unahitaji kama lita 9,100 kwa mwaka. Paa linatosha mara mbili na zaidi. Kinachokosekana ni chombo cha kuyaweka. Tangi la lita 5,000 likiwa limejaa linakuvusha siku 200 bila tone la mvua. Kama huna tangi la kiasi hicho wala mto karibu, jenga hilo kwanza, mengine yasubiri. Paa la makuti lisikudanganye. Maji yake yanatoka ya kahawia na yana taka nyingi.

Maji ya kisima yaonje. Huku pwani visima vingi vina chumvi, na tilapia anaistahimili kuliko mboga. Ukiisikia chumvi ulimini, sukuma itaisikia kabla yako, itaungua ncha za majani. Wenzetu wa Lamu na visiwa vyake wana jabia, birika la kuvunia mvua. Ni chombo kizuri kabisa kwa kazi hii, ila kama kimepakwa chokaa karibuni maji yake yatapandisha pH, kipimo cha asidi ya maji (ikipanda, asidi imepungua), kwa hiyo yapime. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaweke wazi kwenye ndoo siku moja au mbili kabla ya kuyatia, la sivyo utaua bakteria uliowalea mwezi mzima.

Hatua ya pili: mawe

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Vitalu vinajazwa kokoto za kati ya milimita 8 na 20. Mimi nilinunua lori dogo la kokoto nyeupe. Zilikuwa safi, nyepesi, bei yake nzuri, na nilizifurahia weupe wake. Sikufikiri kwamba huku kwetu jiwe jeupe karibu daima ni jiwe la matumbawe, na matumbawe ni chokaa tupu. Chokaa ikikaa majini inayeyuka polepole na kupandisha pH. Mfumo huu unataka pH ya karibu 7, kati ya 6.8 na 7.2 ni pazuri. Yangu iliganda kwenye 8.2. Majani machanga ya sukuma yakawa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya chuma: chuma kimo majini lakini mzizi hauwezi kukichukua pH ikiwa juu. Nikakamua ndimu kila jioni kama mwendawazimu. pH ilishuka usiku, kufika alasiri ya pili imerudi palepale, kwa sababu mawe hayakuwa yamelala. Na kuna ubaya mwingine: pH ikiwa juu na maji yakiwa ya moto, amonia kidogo tu inatosha kuua samaki.

Mwishowe nilizitoa zote kwa karai, siku mbili za kuinama. Sasa zimekuwa njia ya kuingilia nyumbani, na zinapendeza.

Wewe utaepuka hilo kwa siki ya shilingi chache. Chukua mawe kumi kutoka sehemu mbalimbali za fungu, si yale ya juu tu, yaoshe, yaweke kwenye bakuli, mwagia siki nyeupe. Yakitoa povu na vitundutundu vya hewa, hayo ni ya chokaa, yaache. Yakikaa kimya, nunua. Ndimu nayo inafanya kazi hiyo ila povu lake ni dogo, na jicho lisilo makini litapitwa. Jaribu pia mchanga wowote utakaotaka kutumia, kwa kuwa mchanga wa ufukweni umejaa vipande vya kombe.

Badala yake tafuta kokoto nyeusi au za kijivu za mwamba mgumu. Zinatoka mbali na gari lake lina gharama, lakini zinanunuliwa mara moja tu. Usipozipata, vigae vya vyungu na matofali ya udongo ya kuchoma yaliyovunjwavunjwa yanafaa. Yachekeche uondoe vumbi. Osha kila kitu mpaka maji yatoke meupe, na hayo maji ya kuoshea yapeleke kwenye mgomba.

Hatua ya tatu: matangi

Unahitaji matangi mawili ya lita 1,000, yale ya mraba yenye kizimba cha chuma yanayouzwa yametumika. Uliza yalibeba nini na usome lebo. Mafuta ya kupikia au sharubati, sawa. Dawa, rangi au sabuni ya kiwandani, muuzaji abaki nalo hata akipunguza bei. Kuosha hakutoshi, plastiki hunywa.

La kwanza ni la samaki. Kata sehemu ya juu kwa grainda ufungue mdomo mpana, kisha chimba shimo la nusu mita ulizamishe nusu yake pamoja na kizimba. Ardhi inalituliza joto, na vitalu vitakaa kwenye kimo cha kiuno badala ya kimo cha kidevu. Palipo na jiwe chini usijitese, liweke juu na uinue vitalu zaidi. Tangi la pili kata sentimita 30 kutoka juu na 30 kutoka chini. Hivyo vipande viwili ndivyo vitalu vyako, kila kimoja zaidi kidogo ya mita moja ya mraba.

Kitalu kilichojaa kokoto na maji kinapata kilo 700, uzito wa ng'ombe dume wawili wa kienyeji. Usikiweke juu ya meza ya mbao. Jenga nguzo za mawe ya kuchonga (hapa matumbawe hayana neno, hayagusi maji) na upitishe nguzo nene za mvinje juu yake. Pima kwa pimamaji: kitalu kiinamie kidogo upande wa tangi, na sehemu yake ya chini iwe juu ya mdomo wa tangi ili maji yarudi yenyewe.

Plastiki hiyo hupitisha mwanga, na mwanga ukigusa maji yenye mbolea unapata ute wa kijani ndani ya wiki. Paka tangi rangi nyeusi kwa nje halafu nyeupe juu yake, au lizungushie makuti. Mdomo wake ufunike kwa neti ya kivuli iliyofungwa imara. Neti hiyo inapunguza maji yanayopaa, inazuia kunguru, inamzuia kenge, na zaidi ya yote inamzuia mtoto. Tangi lililozamishwa nusu, kwa mtoto anayetambaa, ni kisima.

Hatua ya nne: pampu na mabomba

Mafundi wengi watakuuzia wazo la sifoni ya kengele, ile inayojaza kitalu kisha inakivuta chote kwa mkupuo. Inapendeza kuitazama, ila ikizibwa na mzizi mmoja inakwama, nawe uko sokoni Malindi. Mimi natumia njia ya kizamani zaidi. Toboa chini ya kila kitalu, funga konekta ya tangi, simamisha bomba lenye urefu wa sentimita 22 kwa ndani. Karibu na shina la bomba hilo toboa tundu moja la milimita 8. Pampu ikiwaka kitalu kinajaa, na maji yakizidi yanapita juu ya bomba. Pampu ikizima maji yanashuka polepole kwa lile tundu, na mizizi inapata hewa. Zungushia bomba jingine pana lenye matundu mengi ili kokoto zisiingie. Jaza kokoto mpaka zibaki sentimita tano au zaidi juu ya kimo cha maji. Tabaka hilo la juu likae kavu, ndiyo kinga ya ukungu kwenye shina la mboga.

Pampu ya volti 12 inayotumia wati 30 na kusukuma lita 1,000 kwa saa ikiwa inapandisha mita moja na nusu inatosha. Soma vizuri karatasi yake: lita zinazoandikwa kwa herufi kubwa ni za pampu isiyopandisha popote. Taima iweke robo saa kuwaka, nusu saa kuzima. Hiyo ni saa nane kwa siku, wati-saa 240. Ongeza pampu ya hewa ya wati 8 inayopuliza mchana na usiku, wati-saa 192. Jumla 432. Paneli ya wati 200 na betri ya volti 12 ya ampea-saa 100 zinabeba mzigo huo na kukuachia akiba ya siku ya mawingu. Ukibanwa na pesa, punguza ukubwa wa kila kitu kingine lakini pampu ya hewa usiiguse. Samaki hufa alfajiri, hewa ya majini inapokuwa imeshuka kabisa, wakati wewe umelala usingizi mtamu.

Pampu ining'inize sentimita 40 kutoka sakafu ya tangi. Kwangu niliilaza chini, konekta moja ikalegea usiku, na pampu ikafanya kazi yake kwa uaminifu: ikatoa maji yote nje. Asubuhi nikakuta samaki kumi na mmoja wamelala kwenye tope. Ikiwa imening'inia, hata bomba likikatika samaki wanabaki na karibu nusu ya maji yao.

Hatua ya tano: kuwalea bakteria

Jaza maji, washa pampu, na usiweke samaki. Wiki nne hadi sita zinazofuata ni za bakteria. Wanahitaji amonia ili waje. Ukitafuta mtandaoni utashauriwa utumie mkojo. Kitaalamu unafanya kazi, lakini kwetu ni najisi, na sitaki kuwa mtu wa kumweleza mama mkwe mboga yake ilianzia wapi. Funga kiganja cha dagaa au maganda ya kamba kwenye kitambaa, kizamishe tangini. Kitanuka siku kadhaa. Vumilia. Ukiweza kupata kiganja cha kokoto zenye unyevu kutoka mfumo wa mtu mwingine, zitupe kitaluni. Zinafanya kama hamira kwenye unga wa mahamri, zinakupunguzia wiki.

Nunua vipimo vya maji, vya karatasi au vya matone, vya pH, amonia, nitriti na nitrati. Pima kila siku mbili na uandike daftarini. Utaona amonia ikipanda, halafu inashuka huku nitriti ikipanda, halafu nitriti inashuka na nitrati inaonekana. Siku amonia na nitriti zote mbili zimefika karibu na sifuri, na nitrati ipo, maji yako yameiva. Kuanzia wiki ya tatu unaweza kupanda miche michache ya mchicha, hata ikisinyaa si hasara.

Hatua ya sita: samaki

Vifaranga 30, wasizidi. Tangi la ukubwa huu lingeweza kubeba zaidi kidogo, na muuzaji atakushawishi. Lakini samaki wachache wanakupa muda. Betri ikifa usiku, tangi lenye samaki 30 wadogo linasubiri mpaka asubuhi, na lenye 80 halisubiri.

Nunua wa dume watupu. Tilapia wakichanganyika huanza kuzaa wakiwa na miezi mitatu hivi, na mwezi wa sita utakuwa na mamia ya samaki wa kidole badala ya thelathini wa sahani. Afisa wa uvuvi wa kaunti atakuelekeza kwa wazalishaji wanaokaguliwa na kukueleza kibali kinachohitajika. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, nayo ina makao yake makuu Mombasa. Mfuko wa vifaranga uelee tangini robo saa, kisha uingize maji ya tangi kidogo kidogo kwa robo saa nyingine, ndipo uwaachie. Siku hiyo usiwape chakula.

Jambo moja kwa watu wa karibu na mto. Wanaouzwa wengi ni tilapia wa Nile. Sabaki ina tilapia wake wa asili, Oreochromis spilurus, ambaye hata kwa Kiingereza amepewa jina la mto huu. Wa Nile akiingia mtoni anazaana naye na kumharibu. Ukichoka kufuga, kaanga. Usimwachie mtoni.

Hatua ya saba: mboga

Mchicha, sukuma, mnavu, majani ya kunde, dania, vitunguu majani na mrehani hukua kwa fujo. Mchicha unauvuna wiki ya nne. Mrehani nilipanda kwa ajili ya harufu tu, sasa wanawake wanaotunga vikuba vya kunukia wanaufuata hapa nyumbani. Nyanya, bilinganya na pilipili zingoje mpaka samaki wamefika kilo kadhaa kwa pamoja, maana zinakula sana. Muhogo na mahindi viache shambani.

Oteshea miche kwenye udongo kando, kisha osha mizizi kwenye ndoo kabla ya kuihamisha. Siku tatu za kwanza ifunike na kipande cha kuti.

Wadudu wakija usishike dawa ya dukani, hata ile inayosemekana ni ya pareto na haina madhara. Pareto haina sumu kubwa kwa mtu, lakini samaki inamuua upesi. Mwarobaini pia, ambao umejaa kila ua Malindi, usiunyunyizie juu ya vitalu. Sabuni vilevile. Mimi natumia vidole asubuhi, neti nyepesi, na dawa ya pilipili na vitunguu saumu niliyoipaka kwa kitambaa jani kwa jani. Ni kazi ya umbea, waite watoto wakusaidie.

Hatua ya nane: kufunga mzunguko

Mpaka hapa una mfumo mzuri, ila kila mwezi unaenda mjini kununua gunia la chakula cha samaki. Hapo ndipo fedha inapovuja. Kifaranga anataka chakula chenye protini ya asilimia 40 hivi, akishakua 30 na kitu zinatosha. Mpe mara mbili au tatu kwa siku kile anachokimaliza kwa dakika kumi. Kinachobaki kitoe kwa chujio, kitaoza. Samaki 30 wakifika gramu 300 kila mmoja, wote pamoja ni kilo 9, na wanakula kama gramu 150 kwa siku. Kiasi hicho ndicho kinacholisha vitalu vyako viwili bila njaa na bila kuzidi.

Funza wa nzi askari mweusi ndio waliobadilisha hesabu yangu. Nzi huyu si yule wa chooni, yeye akishakua hali kitu na haingii nyumbani. Weka maganda ya matunda, mabaki ya ugali na matumbo ya samaki kwenye ndoo pana yenye kifuniko chenye matundu, chini ya kivuli. Juu yake funga vipande vya boksi lenye mikunjo, hapo ndipo atakapotaga. Baada ya wiki mbili tatu funza wanene wanaanza kuwa weusi na kutafuta pa kupanda ili wageuke. Wawekee ubao ulioinama unaoishia kwenye kopo, watajileta wenyewe. Wamwagie maji ya moto, waanike juani, waponde. Funza mkavu ana protini ya asilimia 40 hivi. Mimi natoa theluthi ya chakula kwa funza na kilichobaki cha dukani. Sikushauri uache cha dukani kabisa, vifaranga wangu walidumaa nilipojaribu.

Azola, ule mmea mdogo unaoelea kama zulia, panda kwenye beseni la maji ya tangi ukiwa na kivuli. Unaongezeka maradufu kwa siku chache. Majani ya mlonge yakaushe kivulini, yasage, changanya na funza. Kilichozidi wape kuku.

Tope la sakafuni mwa tangi livute kwa mpira kila wiki, ndoo moja tu, limwage kwenye shina la mpapai au mgomba. Mashina ya sukuma yaende kwa mbuzi. Vichwa na mifupa ya samaki virudi kwa funza. Na sasa ile kokoto nyeupe niliyoilaani inarudi kwa heshima. Kazi ya bakteria huyafanya maji kuwa na asidi polepole, na baada ya miezi kadhaa pH itaanza kushuka. Ikipita chini ya 6.5 bakteria wanachoka. Funga kiganja cha vipande vya matumbawe au kombe zilizopondwa kwenye soksi safi, ining'inize chini ya bomba la kurudishia maji, pima kila siku, na uitoe ikifika 7. Majivu ya kuni, kijiko kimoja kwa siku, yanafanya vivyo hivyo na kuongeza potasiamu ambayo nyanya zinaililia.

Kila asubuhi angalia mambo manne kabla ya chai: je, pampu zinalia, samaki wanakuja chakula kikianguka, maji yako kimo gani, majani yana rangi gani. Samaki wakiwa juu wakihema kwa midomo wazi, acha kuwapa chakula siku hiyo, koroga maji kwa ndoo ukiyainua na kuyamwaga, halafu ndipo utafute kosa. Wakikataa kula tu, pima amonia.

Kuanzia mwezi wa tano toa wakubwa kwanza, mmoja mmoja, wa gramu 250 na kuendelea, ili wadogo wapate nafasi. Duru moja kamili ni miezi sita au saba na itakupa kilo 9 hivi za samaki. Ni kitoweo cha nyumba, biashara bado.

Ukame ukizidi

Mpango huu ufanye mapema, tangi la mvua likifika nusu na vuli bado haijatoa dalili. Toa samaki wote waliofika kulika, uwakaange au uwauze, ubakishe wadogo wanane au kumi. Ng'oa mboga za kitalu kimoja, toa maji yake yarudi tangini, kifunike kwa gunia lenye unyevu. Punguza chakula uende sawa na hao waliobaki. Kitalu cha pili endelea nacho na mchicha tu. Kwa njia hiyo mtungi mmoja unapita siku mbili au tatu, na bakteria wanabaki hai kwenye kitalu kinachofanya kazi.

Ikifika tangi la mvua limebaki robo, maliza samaki wote. Maji ya tangi lao yana mbolea, yapeleke kwenye mipapai na migomba kidogo kidogo, ndoo kwa wiki. Kokoto ziache mahali pake. Mvua ikirudi unajaza, unanusisha maji dagaa, unangoja wiki zako nne tena. Mwaka jana nilifika hapo. Bibi wa jirani ndiye aliyekuja na karai kuchukua samaki wa mwisho, watatu, akauliza wengine wanaletwa lini.